Mkunga: Alikotoka na Anakoelekea

Wiki nyingine huwa tunazungumza juu ya ugonjwa, chanjo au lishe. Leo tuzungumze juu ya mtu. Tuzungumze juu ya yule anayekaa nawe usiku ukiwa na uchungu, akampokea mtoto, akamweka kifuani pako. Tunamwita mkunga. Wengine mnamwita sista au nasi. Alitoka wapi? Amepitia njia gani? Na kwa nini wewe mama unapaswa kujali kama amepanda cheo au hakupanda?

Anza na majina ya watu wa kijijini kwako. Mutuku na Nduku walizaliwa usiku. Kioko alizaliwa asubuhi. Wambua na Mumbua walizaliwa mvua ikinyesha. Kyalo alizaliwa safarini, na Mwanzia njiani. Wazee wetu hawakuwa na kadi ya kliniki, lakini habari za uzazi waliziweka katika majina ya watoto. Mwanzia ni jina zuri la mtoto aliyeishi. Mama aliyefia njiani, pamoja na mtoto wake, hakuacha jina.

Nchi yetu ni kubwa na kavu. Kaunti ya Kitui peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Kutoka Tseikuru hadi Mutomo ni safari ya siku. Kule Makueni, mama wa milima ya Mbooni ana shida ya miteremko, na mama wa Kibwezi ana shida ya umbali. Kwa hivyo, tangu zamani, uhai wa mama umetegemea mambo matatu: ni nani aliyekuwa naye, alijua nini, na aliruhusiwa kufanya nini. Shika mambo hayo matatu, tuyafuate katika historia.

Susu aliyeaminiwa

Mkunga wa kwanza wa nchi hii alikuwa mama mzee wa jirani. Labda alikuwa susu yako. Hakusomea darasani. Alijifunza kwa kukaa kando ya mama yake au shangazi yake, akiangalia na kushika. Alijua kumtuliza mama, kumsugua mgongo, kumpa uji, kumfunika mtoto asipate baridi. Hakumwacha mama peke yake hata dakika moja. Na kijiji kilimheshimu: neno lake siku ya uzazi lilikuwa la mwisho, hata mume alitii.

Tusimdharau susu huyo. Alikuwa na uongozi kabla neno hilo halijaandikwa popote. Lakini kulikuwa na mambo ambayo mikono yake haikuweza. Damu ikitoka kwa wingi baada ya kondo la nyuma, mama anaweza kufa kwa muda wa saa mbili tu. Mama akipata kifafa cha mimba, maombi na maji baridi havizuii degedege. Susu alikuwepo na alipendwa, lakini hakuwa na dawa, na hakuwa na mahali pa kumpeleka mama.

Daftari la wakunga

Ukunga wa kusomea ulifika Kenya wakati wa wakoloni. Mwaka 1926, mke wa gavana, Lady Grigg, alianzisha Nairobi nyumba ya kujifungulia ambayo baadaye iliitwa Hospitali ya Uzazi ya Pumwani. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuandikisha wauguzi na wakunga. Maana yake ni nini kwako? Maana yake ni kwamba kuanzia hapo kulikuwa na daftari. Mtu aliyejiita mkunga wa hospitali alipaswa kuwa amefunzwa, amefanya mtihani, na jina lake limeandikwa. Daftari hilo leo liko mikononi mwa Baraza la Wauguzi la Kenya.

Lakini mlango wa shule ulikuwa mwembamba. Mafunzo ya juu ya uuguzi kwa Waafrika yalianza mwaka 1952 katika hospitali iliyoitwa King George VI, ambayo leo ni Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Wasichana waliofika huko walikuwa wachache, na wa kutoka vijiji vya mbali walikuwa wachache zaidi.

Mmoja wa Wakenya waliofungua mlango huo ni Eunice Muringo Kiereini. Baada ya uhuru alikuwa Mwuguzi Mkuu wa Kenya. Kisha, kuanzia 1981 hadi 1985, alikuwa rais wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi, Mwafrika wa kwanza kushika kiti hicho. Mama, mwambie binti yako jambo hili. Mwuguzi Mkenya aliongoza wauguzi wa dunia nzima zaidi ya miaka arobaini iliyopita.

Huku kwetu, misheni zilisaidia sana. Kule Mutomo, kusini mwa Kitui, masista wa Mercy kutoka Ireland walianza kazi ya hospitali katika miaka ya 1960, na baadaye mahali hapo pakawa na shule ya uuguzi. Fikiria maana yake. Msichana wa Ikutha au Ikanga hakuhitaji tena kwenda Nairobi ili awe mkunga. Angeweza kusomea karibu na nyumbani, katika joto lile lile na njia zile zile ambazo angewahudumia akina mama.

Miaka ya mikoba ya wakunga wa jadi

Mwaka 1978 nchi nyingi zilikutana katika mji wa Alma-Ata na kukubaliana kwamba afya ianzie kijijini. Makueni wakati huo ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos; haikuwa wilaya peke yake hadi 1992. Mwishoni mwa miaka ya 1970 shirika la AMREF lilianzisha mpango wa afya ya vijijini huko Kibwezi. Wahudumu wa kijiji walifunzwa, na wakunga wa jadi wakafunzwa pia. Upande wa kaskazini wa wilaya hiyo ya Machakos, watafiti waliwatembelea watu wa kaya zipatazo 4,000, nyumba kwa nyumba, kwa miaka kadhaa, wakiandika nani amepata mimba, nani amejifungua, na mtoto yuko namna gani.

Kote nchini wakunga wa jadi walipewa mafunzo mafupi. Waliambiwa wanawe mikono, watumie wembe mpya, wafunge kitovu kwa uzi safi, na wampeleke mama hospitali wakiona hatari. Kazi hiyo ilikuwa na faida. Usafi wa kitovu huzuia pepopunda ya watoto wachanga.

Februari 1987 mkutano mkubwa wa dunia juu ya uzazi salama ulifanyika hapa hapa kwetu, Nairobi. Dunia iliulizwa swali gumu: mbona watoto wanasaidiwa kwa chanjo na maziwa, lakini mama zao wanaendelea kufa wakijifungua? Miaka iliyofuata ilionyesha jibu. Wembe safi haukuzuia damu kumwagika. Mafunzo ya wiki chache, bila dawa, bila gari, bila hospitali iliyo tayari, hayakupunguza vifo vya akina mama jinsi ilivyotarajiwa. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani, pamoja na vyama vya kimataifa vya wakunga na madaktari wa uzazi, walitoa tamko moja: kila mama ajifungue akiwa na mhudumu mwenye ujuzi, yaani mkunga, mwuguzi au daktari aliyefunzwa na kupimwa.

Basi susu akafanyiwa nini? Mahali pengine alifukuzwa kwa maneno makali, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu akina mama waliompenda walijificha pamoja naye. Mahali pengine alipewa kazi mpya: kumsindikiza mama hadi zahanati, kukaa naye, kumshika mkono. Hiyo ndiyo kazi inayomfaa. Heshima yake ibaki, na dawa ziwepo.

Ngazi iliyokatika

Sasa tufike kwa wale waliobeba zahanati zetu kwa miaka mingi. Hao ni wauguzi wa cheti. Kuanzia miaka ya 1960 walifunzwa uuguzi, ukunga na afya ya jamii kwa pamoja, kisha wakatumwa vijijini. Ukienda zahanati nyingi za Kitui na Makueni, ulimkuta mmoja peke yake. Asubuhi anachanja watoto, mchana anatibu malaria, usiku anaitwa kuzalisha. Yeye ndiye aliyekuwa kila kitu.

Lakini ngazi yake ilikuwa imekatika. Kupata diploma alilazimika kuacha kazi, kuacha watoto wake, na kwenda kukaa chuoni. Akiondoka, zahanati inafungwa. Kwa hivyo wengi walibaki na cheti kile kile miaka ishirini, wakiwapisha vijana waliotoka chuoni juzi. Elimu mpya ya kuzuia damu au kumsaidia mtoto asiyepumua iliwapita.

Mwaka 2005 AMREF, pamoja na Wizara ya Afya, Baraza la Wauguzi na vyuo vya mafunzo, walianza masomo kwa njia ya kompyuta. Wakati huo Kenya ilikuwa na wauguzi wa cheti zaidi ya 20,000. Mwuguzi angeweza sasa kusoma akiwa bado kazini, kuhudhuria mafunzo ya vitendo hospitalini, na kupata diploma bila kukiacha kijiji chake. Wengi wetu tulifunzwa kazi na mama hawa, wenye miwani na daftari za shule wakiwa na umri wa miaka hamsini.

Hapa ndipo habari ya vyeo inapogusa maisha yako, mama. Mkunga anapopanda ngazi, hapati mshahara tu. Anapata ujuzi, na anapata ruhusa. Anaruhusiwa kuanzisha dawa badala ya kungoja. Anapopiga simu hospitali kubwa kuomba gari, anasikilizwa. Mkunga aliyekwama chini huona hatari lakini neno lake halina uzito.

Shilingi mia mbili za Kitui

Mkunga anaweza kuwa hodari, na bado mama asifike kwake kwa sababu ya pesa. Mwaka 2004, mheshimiwa Charity Ngilu kutoka Kitui akiwa Waziri wa Afya, malipo ya zahanati yalishushwa hadi shilingi 10, na ya kituo cha afya hadi shilingi 20. Mwaka 2006 Kitui ilichaguliwa, pamoja na Kisumu, Kiambu na mitaa miwili ya Nairobi, kujaribu mpango wa vocha kwa msaada wa serikali ya Ujerumani. Mama maskini alinunua vocha kwa shilingi 200. Vocha hiyo ililipia kliniki nne za ujauzito, kujifungua hata kwa upasuaji, na huduma baada ya kuzaa.

Mnaokumbuka vocha hiyo mnajua jambo lililobadilika. Mama alikuwa na haki ya kuchagua: hospitali ya serikali, ya misheni, au ya mtu binafsi iliyokubaliwa. Pesa zilimfuata yeye. Mahali palipokuwa na matusi palikosa wateja.

Baadaye, mwaka 2007, serikali iliondoa malipo ya kujifungua katika zahanati na vituo vya afya, na Juni 2013 ikatangaza uzazi wa bure katika hospitali zote za umma. Kaunti nazo ziliongeza zao: Makueni mwaka 2016 kwa shilingi 500 kila nyumba kwa mwaka, na Kitui mwaka 2018 kwa shilingi 1,000. Mpango wa Linda Mama nao ulihudumu hadi bima mpya ya SHA ilipoanza Oktoba 2024. Kwa hivyo leo, mara tu ukijua una mimba, uliza zahanati kama umeandikishwa SHA na kama michango yako iko sawa. Usingoje uchungu.

Matokeo yake tumeyaona. Mwaka 2003, akina mama waliozalishwa na mhudumu mwenye ujuzi nchini Kenya walikuwa karibu 42 kwa kila 100. Mwaka 2014 walikuwa 62. Mwaka 2022 walifika 89. Hata hivyo sensa ya 2019 ilionyesha kwamba mama 355 walikufa kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Akina mama wamefika hospitalini, lakini kufika peke yake hakutoshi.

Uongozi ni friji

Kwa nini hakutoshi? Chukua mfano wa sindano moja. Mtoto akishatoka, mkunga humdunga mama dawa ya oksitosini ili tumbo la uzazi likaze na damu isimwagike. Dawa hiyo huharibika kwa joto. Lazima ikae kwenye friji. Katika jua la Kyuso au Makindu, zahanati isiyo na umeme au gesi inaweza kumdunga mama dawa iliyokwisha nguvu. Mkunga amefanya kazi yake sawasawa, na mama bado anavuja damu.

Sasa, ni nani anayehakikisha friji inafanya kazi? Ni msimamizi wa zahanati, na katika zahanati nyingi huyo ni mwuguzi. Yeye ndiye katibu wa kamati ya zahanati. Anaagiza dawa, anapanga zamu, anaandika ripoti, anaomba pesa. Tangu sheria ya 2023 kuhusu mapato ya vituo vya afya, pesa zinazokusanywa zinapaswa kubaki kituoni zitumike hapo. Kwa hivyo uongozi wa mkunga si kukaa ofisini na kuitwa madamu. Uongozi ni friji, ni taa ya leba usiku, ni nambari ya dereva wa ambulensi iliyobandikwa ukutani.

Uongozi ni ulimi pia. Utafiti uliofanywa katika hospitali 13 za Kenya miaka ya 2011 hadi 2014 uligundua kwamba karibu mama mmoja kati ya watano alisema alidhalilishwa wakati wa kujifungua. Mama aliyetukanwa harudi, na humwambia dada yake asiende. Metroni asiyekubali matusi katika wadi yake huokoa maisha sawa na mwenye sindano.

Mwaka 2017 wauguzi wa kaunti waligoma kwa karibu miezi mitano. Akina mama wengi waliteseka, na wauguzi nao walikuwa na kilio chao cha malipo na mazingira ya kazi. Kila upande una maoni yake. Lakini funzo moja halina ubishi: leba bila mkunga ni chumba tu, hata kama kina vitanda vipya.

Binti yako na ngazi hii

Leo ngazi iko karibu kuliko zamani. Kuna chuo cha KMTC Kitui na kingine Makueni. Shule ya Mutomo ipo. Chuo Kikuu cha SEKU kiko Kwa Vonza. Msichana au mvulana aliyepata wastani wa C katika mtihani wa kidato cha nne, akifanya vizuri katika Bayolojia na lugha, anaweza kuomba diploma ya uuguzi au ya ukunga. Ndiyo, hata mvulana. Akina mama wengi wamezalishwa na wanaume wenye mikono ya upole.

Baada ya diploma hasimami hapo. Anaweza kuwa msimamizi wa zahanati, metroni wa wadi ya uzazi, mwuguzi wa afya ya jamii wa kaunti ndogo, mwalimu wa chuo, au mwuguzi mkuu wa kaunti. Anaweza kuendelea na digrii. Anaweza kufungua nyumba yake ya kujifungulia kwa leseni. Usimwambie binti yako kwamba ukunga ni kazi ya kufuta damu. Mwambie ni kazi iliyofikisha Mkenya kwenye kiti cha juu cha dunia.

Na wewe uliye nyumbani una nafasi yako. Kamati ya zahanati ina viti vya wanakijiji, na wanawake wanahitajika. Mkutano ukiitwa, nenda. Uliza kama friji inafanya kazi. Uliza usiku kuna nani zamu. Uliza mkunga wetu amepelekwa mafunzo lini mara ya mwisho. Akifanya vizuri, msifu mbele ya watu; sifa nayo ni chakula cha mfanyakazi.

Mambo ya kuzungumza nyumbani na katika kikundi:

1. Ukiwa na uchungu usiku, ni nani atakusindikiza, na ni gari au boda boda ya nani mmekubaliana naye mapema?

2. Je, susu anayesaidia uzazi kijijini mwenu amekaribishwa zahanati kama msindikizaji?

3. Ni msichana gani katika kijiji chenu anayefaa kusomea ukunga, na kikundi chenu kinaweza kumchangia nini?

Dalili za hatari usizisahau: kutokwa damu, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, degedege, homa kali, maji kuvunjika kabla ya wakati, na mtoto kuacha kucheza tumboni. Ukiona moja, ondoka nyumbani saa hiyo hiyo.

Watoto bado wataitwa Mwanzia, na ni jina la kujivunia. Tunachotaka ni kwamba hata yule atakayezaliwa njiani awe na mama wa kumsimulia.